Kabla Kesi Haijasikizwa: Hatua za Mwanzo za Kesi ya Jinai Kenya, na Maana ya "Akapimwe Akili"

"Mshukiwa apelekwe akapimwe akili, arudishwe baada ya wiki mbili."

Maneno hayo husikika Mahakama Kuu karibu kila mara mshukiwa wa mauaji anapoletwa kwa mara ya kwanza. Nimekaa viti vya nyuma vya korti za Pwani miaka kadhaa, nikiwasaidia jamaa za washtakiwa kujaza fomu na kufuatilia mafaili, na kila maneno hayo yakitamkwa naona sura mbili. Mama analia, kwa sababu mwanawe ameitwa mwendawazimu mbele za watu. Kaka mtu naye anatabasamu chinichini, anadhani kijana ameshaponea: ataandikiwa karatasi ya wazimu, warudi zao nyumbani. Wote wawili wamekosea, na kosa lao hugharimu miezi ya rumande.

Mwongozo huu ni wa mama huyo na kaka huyo. Unaanzia pingu zinapofungwa hadi siku shahidi wa kwanza anapoitwa, kwa sheria za Kenya: Katiba ya 2010, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai (Sura ya 75) na Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63). Nitakaa sana kwenye suala la akili kwa kuwa ndilo linaloelezwa vibaya zaidi barazani. Wakili mtafute vilevile. Haya yatakusaidia umuulize maswali ya maana.

Hatua ya 1: Kukamatwa, na hesabu ya saa 24

Jambo la kwanza kwa familia ni kwenda kituoni na kuuliza vitu vitatu: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), jina la afisa anayepeleleza, na kosa analotuhumiwa mtu wenu. Andika kwenye daftari, pamoja na saa. Daftari hilo litakufaa kuliko ghadhabu yote utakayoibeba hadi mezani kwa OCS, mkuu wa kituo.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Aambiwe pia kuwa ana haki ya kunyamaza, na yatakayofuata asiponyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Na lazima afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24.

Hapo kwenye saa 24 pana fundo. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa korti, au siku isiyo ya korti, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa adhuhuri, saa zake zinakwisha Jumamosi adhuhuri, na kwa hivyo anaweza kuletwa Jumatatu bila Katiba kuvunjwa. Aliyekamatwa Jumatatu saa tatu asubuhi, akiwa bado yuko seli Jumatano, huyo ana la kulalamikia. Ndiyo maana nimesema andika saa.

Kwa makosa mengi madogo polisi wanaweza kumwachilia kwa dhamana ya kituoni, kwa masharti afike kortini siku fulani. Pesa za dhamana si ada. Zinarudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa alihudhuria, na lazima zikatiwe risiti. Bila risiti, hiyo si dhamana.

Hatua ya 2: Ndani ya kituo

Mshukiwa akiulizwa jina, umri na anakoishi, ajibu. Akiulizwa kilichotokea, ana haki ya kusema: "Nitazungumza wakili wangu akiwepo." Hiyo si jeuri wala si kukiri. Sheria ya Ushahidi haikubali ungamo lililonong'onwa kwa mpelelezi mwenyewe. Ungamo la kutumika kortini litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo asiyehusika na upelelezi wa kesi hiyo, tena mshukiwa akiwa na mtu wa tatu aliyemchagua yeye. Polisi wanalijua hili. Wanaoingia na kusema "nimeambiwa nikisema ukweli nitaenda nyumbani" ndio wasiolijua.

Ikiwa mtu wenu ana ugonjwa wa akili, kifafa, au aliwahi kuumia kichwa, hii ndiyo siku ya kulisema, si siku ya hukumu. Mpelekee OCS barua au kadi ya kliniki, mwombe aiandike kwenye OB, na upeleke dawa zikiwa ndani ya paketi zake zenye jina. Piga picha kila karatasi kabla hujaiachia mkononi mwa mtu. Nimeona familia zikificha kwa aibu, wakihofia posa ya dada mtu au maneno ya mtaa. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio ni cha miaka, maana ugonjwa unaotajwa kwa mara ya kwanza baada ya mashahidi kumi kupita, upande wa mashtaka utauita hadithi ya kutungwa.

Kuna ambaye alikamatwa kwa kujaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jambo hilo kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu huyo anahitaji hospitali. Mkumbushe wakili wako uamuzi huo ikiwa bado kuna anayetaka kumshtaki.

Umri nao usisahaulike. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai. Kama kuna ubishi kuhusu umri, tafuta cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au ya ubatizo, au rekodi ya shule mapema.

Hatua ya 3: Faili kwa DPP

Polisi hupeleleza, lakini uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) chini ya kifungu cha 157 cha Katiba. Faili hutoka kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, likaenda kwa maafisa wa DPP, nao wakaamua kama ushahidi unatosha na ni kosa gani linalofaa. Wanaweza kulirudisha polisi wazibe mianya. Familia haina mengi ya kufanya hapa, ila kuhakikisha jambo lolote la kumfaa mshukiwa, likiwemo suala la afya, limo ndani ya faili. Wakili anaweza kuiandikia ofisi ya DPP moja kwa moja. Watu wengi hawajui hilo linawezekana.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza kortini

Siku hiyo mshukiwa lazima apate moja kati ya haya: ashtakiwe, aambiwe kwa nini ataendelea kuzuiliwa, au aachiliwe. Katika makosa mazito, hasa mauaji, polisi huja na ombi la kumzuilia zaidi kwa sababu upelelezi haujakamilika: mochari haijatoa ripoti, sampuli za DNA ziko maabara, mashahidi wako mbali. Hakimu hupima ombi, akatoa siku kadhaa au akalikataa. Mshukiwa ana haki ya kupinga, na sababu za kupinga ziwe za kueleweka: ana makao yanayojulikana, ana familia, alijisalimisha mwenyewe, ni mgonjwa na dawa hazipatikani seli.

Kesi ya Shakahola, ya vifo vya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, imetuonyesha ngazi zote hizi hadharani. Mackenzie alikamatwa Aprili 2023, na yeye na wenzake wakazuiliwa kwa miezi mingi kwa maombi ya aina hiyo katika korti ya Shanzu. Januari 2024 hakimu akachoka na kuwapa waendesha mashtaka siku 14 wamshtaki, la sivyo aachiliwe. Walipofikishwa Mahakama Kuu ya Malindi kuhusu vifo vya watoto 191, hawakusomewa mashtaka siku hiyo. Jaji aliamuru wapimwe akili kwanza, na mwezi wa Februari wakarudi na kukana. Watu walipiga kelele mitandaoni kwamba anatafutiwa njia ya kutorokea. Haikuwa hivyo. Alipitishwa kwenye mlango ule ule anaopitishwa kijana wa Kisauni aliyempiga mwenzake kwa rungu.

Hatua ya 5: Kupimwa akili

Kuna maswali mawili, na hayafanani. Ukiyachanganya haya, mengine yote yatakuchanganya.

Swali la kwanza: je, leo hii huyu mtu ana uwezo wa kushtakiwa? Anaelewa anachotuhumiwa? Anaweza kumweleza wakili wake upande wake? Anaweza kufuata yanayosemwa na mashahidi? Swali hili ni la leo. Linaweza kujibiwa "hapana" Januari na "ndiyo" Juni, baada ya matibabu.

Swali la pili: je, siku ile ya tukio, ugonjwa ulimfanya asielewe anachotenda, au asijue kwamba hapaswi kukitenda? Hili ni la siku ile tu. Linatoka kwenye kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu, ni utetezi, na linaamuliwa kesi ikisikizwa.

Mtu anaweza kuwa mzima leo ilhali siku ile hakuwa mzima. Anaweza pia kuwa alitenda akiwa na akili zake zote, halafu akaugulia rumande. Amri ya "akapimwe akili" kabla ya kujibu mashtaka inahusu swali la kwanza. Ripoti ikisema kijana ana uwezo wa kushtakiwa, mama, usilie tena: haijasema kwamba hakuwa mgonjwa siku ile. Na kaka, ikisema hana uwezo, haijasema hana hatia.

Kwa kesi za mauaji upimaji umekuwa desturi ya Mahakama Kuu hata pasipo dalili yoyote. Katika makosa mengine yanayosikizwa na mahakimu, hakuna anayepelekwa kama hakuna aliyesema kitu. Anayeweza kusema ni yeyote: wakili, mwendesha mashtaka, askari wa gereza aliyemwona akizungumza na ukuta, hata mzazi akisimama kwa adabu na kuomba ruhusa ya hakimu. Kifungu cha 162 cha Sura ya 75 kinamlazimu hakimu au jaji kuchunguza pale anapokuwa na sababu ya kuamini mshtakiwa hawezi kujitetea kwa ajili ya akili. Kazi yako ni kumpa sababu hiyo. "Mwanangu hayuko sawa" ni maneno tu. "Alilazwa mara mbili, hii hapa barua ya kutoka hospitali, na dawa zake zilikwisha wiki tatu kabla ya kukamatwa" ni sababu.

Siku ya kupimwa, mpelelezi au askari humpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili wa serikali. Nairobi ni Mathari, hospitali iliyoanza 1910. Mombasa wengi hupelekwa Port Reitz. Kwingineko ni hospitali ya rufaa ya kaunti, na pale penye daktari mmoja anayekuja kwa zamu, msishangae tarehe ikisogezwa. Ulizeni tarehe ya daktari kabla ya kukubali tarehe ya korti. Nimeona faili likitajwa mara tatu mfululizo, na kila mara jibu ni "ripoti haiko tayari", kumbe mshukiwa hakupelekwa kabisa kwa kuwa gari la kituo halikuwa na mafuta. Baada ya mara ya kwanza, wakili amwombe jaji aandike amri yenye jina la hospitali na siku, na mpelelezi aje aeleze mwenyewe akishindwa.

Daktari hutafuta nini? Mazungumzo huanza na mambo madogo: leo siku gani, hapa ni wapi, umelelewa wapi, umesoma hadi darasa gani. Kisha: unajua kwa nini uko hapa? Umeshtakiwa nini? Jaji kazi yake nini? Yule wa upande wa mashtaka yuko upande wa nani? Wakili wako ukimwambia siri atamwambia nani? Ukikiri, kitatokea nini? Huku akiuliza, anatazama usingizi, usafi, mtiririko wa maneno, sauti anazosikia mtu zisizokuwepo, hofu ya kufuatwa. Atauliza kuhusu pombe, bangi, miraa, heroini. Atauliza historia ya kifafa, malaria kali utotoni, ajali za bodaboda. Wakati mwingine humlaza siku kadhaa amwangalie.

Mshukiwa aseme kweli yote kuhusu afya yake. Kuhusu tukio lenyewe, nani alishika kisu na nani alianza, azungumze na wakili kabla ya kuzungumza na daktari. Daktari huyu ametumwa na korti, na ripoti yake inarudi korti. Hakuna ubaya kusema: "Hilo nitamwachia wakili wangu."

Na kujifanya? Kila rumande ina profesa wa kufundisha wazimu: vua nguo, kula mchanga, jibu upuzi. Madaktari wameyaona hayo yote. Wauguzi huandika kwamba usiku "mwendawazimu" alicheza drafti na akashinda. Isitoshe, anayefaulu kudanganya hapati uhuru. Kesi yake inagandishwa, naye anabaki kizuizini pasipo mwisho unaojulikana.

Familia ipeleke nini? Barua za hospitali na kadi za kliniki. Majina ya dawa, hata picha ya chupa tupu. Cheti cha shule alikoachia masomo ghafla. Jina la jirani, mwalimu au mzee wa mtaa aliyeona mabadiliko. Na hapa niseme jambo ambalo watu wa Pwani hawalisemi mbele ya daktari: kama mlisema ana majini, mkampeleka kwa mganga au kwa shehe akasomewa, au mlimpigia ngoma ya pepo, semeni. Daktari hatawacheka, na akicheka shauri yake. Tarehe za visomo na ngoma, pamoja na watu waliohudhuria, ni ushahidi kwamba maradhi yalikuwepo kabla ya kesi. Kwa familia isiyowahi kufika kliniki, huenda huo ndio ushahidi pekee.

Mama aliyejifungua karibuni anataka angalizo la peke yake. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mama akisababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imevurugika kwa athari za uzazi au kunyonyesha, kosa lake huhesabiwa kama kuua bila kukusudia, si mauaji. Anayemjua mama aliye rumande kwa tuhuma kama hiyo amwambie wakili mapema juu ya usingizi uliopotea, kilio kisicho na sababu, kumkataa mtoto. Watu waliokuwa nyumbani wakati wa arobaini ndio mashahidi wake.

Ripoti ikirudi

Wakili apewe nakala. Isomeni. Jaji hafungwi na ripoti: daktari anashauri, korti ndiyo inaamua. Upande wowote usioridhika unaweza kuomba daktari aje aulizwe maswali, au kuleta maoni ya daktari mwingine kwa gharama zake.

Ikisema ana uwezo, mnaendelea na kujibu mashtaka. Ikisema hana, na korti ikakubali, kesi inaahirishwa. Hapo kifungu cha 162 kinatoa njia mbili. Kama kosa linaruhusu dhamana, korti inaweza kumwachilia kwa mdhamini atakayeahidi kumtunza, kumzuia asijidhuru wala kudhuru wengine, na kumleta akihitajika. Njia hii haitumiki vya kutosha, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna jamaa aliyejitokeza na mpango. Njooni nao ukiwa umeandikwa: ataishi kwa nani, nani atampa dawa, kliniki gani, siku gani. Vinginevyo atazuiliwa, na kawaida hupelekwa hospitali kutibiwa. Vitanda vya wagonjwa wa korti ni vichache, hivyo wengine hukaa gerezani wakisubiri nafasi. Muulizieni kila mwezi.

Akipata nafuu, daktari anayemtibu huandika kwamba sasa anaweza kujitetea, DPP anaarifiwa, na kesi inarudi. Hiki ndicho kipindi mafaili yanapopotelea. Daktari ameandika, barua imelala mahali, na hakuna anayeuliza. Mwenye daftari aulize.

Yupo pia ambaye hatapona kwa sababu si mgonjwa: ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Dawa haitamfanya aelewe. Kwa huyo wakili asiridhike na "apelekwe atibiwe". Aombe korti iamue kuhusu hatima ya kesi yenyewe. Vivyo hivyo kwa kiziwi asiyejua lugha ya ishara rasmi. Hana ugonjwa wowote, anahitaji mkalimani anayemwelewa, na huenda huyo akawa dada yake.

Neno kuhusu swali la pili, kwa kuwa kaka atauliza. Sheria inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vingine, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mshtakiwa, ingawa kwa kipimo chepesi kuliko kile cha upande wa mashtaka: kwamba yaelekea zaidi ndivyo ilivyokuwa. Akifaulu, kifungu cha 166 cha Sura ya 75 kinaelekeza uamuzi wa ajabu, kwamba ana hatia lakini alikuwa mwendawazimu, na azuiliwe kwa radhi ya Rais, bila muda. Tangu 2016 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wametamka kwamba kifungo hicho kisicho na mwisho kinakiuka Katiba, na wameanza kuweka muda au kuagiza hali ya mgonjwa irudiwe kuangaliwa. Kwa hivyo utetezi huu usikimbiliwe kama mlango wa uani. Wakili aupime pamoja na mshtakiwa.

Hatua ya 6: Kujibu mashtaka

Mashtaka husomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, bure, kwa mkalimani ikibidi. Utaratibu uliwekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan ya 1973 na unafuatwa hadi leo: asomewe, ajibu, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Akikubali, asomewe maelezo ya tukio, aulizwe kama ni kweli, na akipinga lolote iandikwe kwamba amekana.

Maneno "ni kweli" yamewafunga wengi ambao walitaka kusema "ni kweli nilikuwepo". Asiyeelewa aseme hajaelewa, hata mara nne. Anayesitasita akane. Kukana si kumwita mlalamishi mwongo. Ni kutaka ushahidi uletwe.

Katika kesi ya mauaji mshtakiwa asiye na uwezo wa kulipa huteuliwa wakili na korti, analipwa na serikali. Familia haidaiwi hata shilingi ya "nauli", na wakili huyo akidai, mwarifuni msajili wa korti. Kwa makosa mengine kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Hatua ya 7: Dhamana

Tangu 2010 kila kosa lina dhamana, mauaji yakiwemo, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kuinyima. Sababu hizo ni kama hofu ya kutoroka, kuingilia mashahidi, au usalama wa mshtakiwa mwenyewe. Mwenye kuzithibitisha ni upande wa mashtaka. Katika makosa mazito jaji huagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye atafika mtaani kuzungumza na familia, mzee wa mtaa, na jamaa za marehemu. Msimfundishe jirani cha kusema. Hakikisheni tu simu zinapatikana na nyumba inajulikana.

Dhamana inaweza kuwa pesa taslimu, hati ya mali pamoja na mdhamini, au mshtakiwa kujidhamini. Mdhamini aelewe kwamba mshtakiwa akitoweka, ardhi iliyowekwa inaweza kwenda. Kwa mgonjwa, ombeni masharti yamfae: kuhudhuria kliniki na kuleta kadi kortini. Majaji huyasikiliza masharti ya aina hiyo.

Hatua ya 8: Karatasi, na kikao cha matayarisho

Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupata mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake: taarifa za mashahidi, ripoti ya uchunguzi wa maiti au P3 (fomu ya daktari ya majeraha), picha, ripoti za maabara. Wakili aombe kwa maandishi, na tarehe ikifika bila karatasi, amwambie jaji kabla tarehe ya kusikizwa haijapangwa. Mshtakiwa mwenyewe azisome au asomewe, aweke alama penye uongo. Yeye alikuwepo, wakili hakuwepo.

Katika kikao cha matayarisho pande zote husema mashahidi ni wangapi, yapi hayana ubishi, na kama kuna utetezi wa akili utakaoletwa. Ukiletwa, daktari wa upande wenu awekwe kwenye orodha sasa, kwani daktari wa hospitali ya umma haji kwa kupigiwa simu usiku wa kuamkia kesi. Anahitaji hati ya kuitwa shaurini.

Hapa pia ndipo pa kuzungumza kuhusu maelewano ya kukiri kosa dogo, utaratibu ulioingizwa katika Sura ya 75 mwaka 2008. Mauaji yanaweza kushuka kuwa kuua bila kukusudia DPP akikubali. Makosa ya ngono hayamo. Mshtakiwa lazima aingie kwa hiari na kwa akili timamu, kwa hivyo ripoti ya daktari inarudi mezani: iwe ya karibuni, si ya mwaka uliopita.

Wakati wowote DPP anaweza kuondoa kesi kwa ruhusa ya korti. Ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sura ya 75 kabla utetezi haujaanza, sherehekeeni kidogo tu. Mtu ameachiliwa, lakini hajaondolewa hatia, na anaweza kukamatwa tena kwa mambo yale yale. Msichome karatasi.

Tarehe za kusikizwa zikitoka, hesabu nyuma kutoka siku hiyo. Kama anapigwa sindano ya kila mwezi, isiangukie wiki ile ile ya kesi bila mpango. Kama dawa zinamlaza, wakili aombe ahirisho la dakika chache badala ya kumwacha asinzie kizimbani. Jioni ya kuamkia kesi tazama orodha ya korti uhakikishe jaji yupo. Asubuhi, kabla basi la gereza halijaondoka, mpigie afisa wa zahanati ya gereza umuulize kama amemeza dawa.